Mzigo wa Mkimbizi Usioonekana

Neno mkimbizi linatueleza jambo moja tu juu ya mtu, kwamba alikimbia. Halituelezi alikuwa nani kabla hajakimbia, kama alikuwa fundi cherahani, mwalimu au mvuvi. Wala halituelezi amekuwa nani baada ya kusimama. Huenda ndiyo sababu, tunapomwona, tunaharakisha kuhesabu yale yanayohesabika. Tunahesabu mablanketi, madumu ya maji, kilo za unga na vibaba vya maharage. Hayo yote ni ya lazima, na mtu aliyewahi kulala na njaa hatayadharau. Lakini upo mzigo mwingine ambao hautuliwi pale mpakani, haupimwi kwa mizani, wala hauandikwi katika daftari la mwandikishaji. Ni mzigo wa moyoni na akilini, nami leo napenda tuutazame pamoja, wewe uliyekaa na gazeti hili baada ya kazi za wiki nzima, pamoja na jamaa zako.

Usiseme kwamba jambo hili ni la watu wa Kasulu na Kibondo tu. Katika viwanda, masoko na nyumba za kupanga za miji yetu wamo watu waliozaliwa ng'ambo ya mpaka, au ambao wazazi wao walizaliwa huko. Wengine wameoana na ndugu zetu, wengine wamepewa uraia, na watoto wao wanakaa dawati moja na watoto wetu. Mara nyingi hatujui, kwa kuwa wenyewe hawasemi. Na kutosema huko, kama nitakavyoeleza, ni sehemu ya mzigo wenyewe.

NYUMBA ILIYOZOEA WAGENI

Nchi yetu imepokea wageni tangu siku za mwanzo za uhuru. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma kuja kwetu, na wengi wakakaa mpaka nchi yao ilipojipatia uhuru Juni 1975. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwaleta watu kwa makumi elfu, nao wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Baada ya vijana wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, wengi walitoroka Afrika ya Kusini, na chama cha ANC kikajenga Mazimbu, mkoani Morogoro, shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi, heshima ambayo kwa kweli ilikuwa pia ya wanavijiji waliogawana na wageni ardhi na visima vyao.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Mwaka 1996 vita vya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, viliwavusha watu Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 ghasia za Burundi ziliwamwaga maelfu ya watu Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa baina ya milima na ziwa. Huko kipindupindu kilizuka, na ile meli ya zamani, Liemba, ikafanya safari baada ya safari kuwachukua mpaka Kigoma.

Sikuzitaja tarehe hizo ili tujisifu. Nimezitaja kwa sababu kila moja ina watu ambao kwao siku ile haikupita. Sisi tunaisoma katika kalenda; wao wanaiota usiku.

HUZUNI NA MARADHI

Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili. Tunayo huzuni, tunayo majonzi, tunayo simanzi. Tunao wahaka, ambao ni roho kutotulia kwa kutazamia baya. Tunacho kihoro, ule mshtuko unaompata mtu aliyeondokewa ghafula na kilicho chake, hata akawa kama aliyeduwaa. Wazee walioyatumia maneno hayo hawakuwa na hospitali za maradhi ya akili, lakini walikuwa na macho. Walijua kwamba kufiwa si jambo la siku moja, ndiyo maana wakaweka matanga, na majirani wakaja kulala katika nyumba ya msiba ili mfiwa asibaki peke yake na usiku. Wenzetu wa Rwanda nao, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walilitumia sana neno ihahamuka kwa mtu anayeshikwa na hofu kuu ya yaliyopita kana kwamba yanatendeka sasa hivi. Na Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo hata katika vichochoro vyetu utasikia likisemwa: "Yule bwana anawaza sana."

Sasa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mama aliyemzika mtoto wake njiani na bado analia hana maradhi. Ana msiba, na tena ni msiba ambao haukupata matanga. Ingekuwa ajabu kama asingelia. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba, katika mahali palipopigwa na vita, mtu 1 kati ya kila 5 hivi ana tatizo fulani la afya ya akili, kama vile sonona, wasiwasi uliopita kiasi, au mateso ya kumbukumbu za vita. Kwa wengi wao hali hiyo ni nyepesi. Wenye hali kali ni watu 5 hivi katika kila 100.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, watu 4 kati ya 5 hawana maradhi ya akili, na kwa hiyo ni dhuluma kumtazama kila mkimbizi kana kwamba amerukwa na akili. La pili, yule mmoja si haba. Katika makazi ya watu 100,000, mmoja katika kila watano ni watu 20,000, yaani idadi ya mji mdogo.

Dalili zake nyingi hazifanani na kile tunachokiita wazimu. Mtu halali, au analala akiwa ameketi. Kelele ya pancha ya gari inamwangusha chini. Anakwenda zahanati kila wiki akilalamikia kichwa, mgongo, au moyo kwenda mbio, na kila mara anapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Mpishi hodari anaacha kupika. Baba mpole anaanza kupiga watoto au kulewa. Mtoto wa miaka 9 anarudia kukojoa kitandani. Nasi, kwa kutojua, tunamwita mmoja mvivu, mwingine mwoga, mwingine mwongo, mwingine mlevi, na mtoto tunamchapa.

JIRANI YANGU

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanga mjini Kigoma, mimi na mke wangu, katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Chumba cha pili kutoka chetu alikaa mama mmoja mzaliwa wa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyeolewa na dereva Mtanzania ambaye kazi yake ilimweka safarini siku nyingi za mwezi. Mama huyo alikuwa na heshima, alilipa kodi kwa wakati, na watoto wake wawili walikuwa safi. Lakini kila usiku alitoa kigoda chake, akaketi mlangoni mwake akiutazama mlango mkubwa wa ua, mpaka kunakucha.

Unajua, msomaji, jinsi nyumba za kupanga zilivyo. Haukupita muda kabla ya maneno. Mmoja alisema anawanga. Mwingine alisema ana jini la ziwani. Mpangaji mmoja alimwendea mwenye nyumba na kumtaka achague: ama yeye, ama yule wa kigoda. Mumewe aliporudi alimpeleka katika zahanati moja pale mjini, si mara moja bali mara tatu. Mara ya tatu mhudumu alimwambia mbele ya watu waliokuwa foleni, "Mama, wewe huumwi. Nenda ukawaachie nafasi wagonjwa." Kuanzia siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za zahanati. Na jioni moja, wakianika nguo, alimwambia mke wangu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anawaonea wivu waliozama ziwani.

Mke wangu hakulala usiku huo. Alfajiri alikwenda kwa bibi mwenye nyumba na kumweleza. Bibi yule hakuwa na elimu ya darasani. Alijifunga khanga yake, akatoka, akaenda pale kwenye kigoda.

"Shikamoo bibi," yule mama akasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona hulali?"

"Bibi, mimi niliikimbia vita, na usingizi ukanikimbia mimi."

Bibi hakumwuliza habari za vita. Hakumwambia asahau, wala hakumwambia amshukuru Mungu kwa kuwa yu hai. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi kama usingizi hautaki kuja, tusiungoje bure. Kesho saa kumi nitakuja na unga. Mikono yangu imechoka kukanda peke yangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alfajiri wawili hao walikanda na kukaanga maandazi ya kuuza kwa wanaokwenda kazini na shuleni. Hapakuwa na mahubiri. Wakati mwingine yule mama alisimulia jambo, wakati mwingine hakusema neno. Bibi alimtaka yule mpangaji mlalamikaji aje achukue maandazi yake ya bure kila Jumapili, na baada ya wiki kadha habari za jini zikaisha. Hatimaye mke wangu na bibi walimsindikiza hospitali nyingine, ambako muuguzi alimfungia mlango, akamsikiliza, akamwandikia miadi ya kurudi, na daktari akampa dawa.

Sitakudanganya kwamba alipona kama anavyopona mtu wa malaria. Alianza kulala saa nne, kisha tano. Lakini kila mwaka ulipofika mwezi ule ambao kijiji chao kilichomwa moto, kigoda kilirudi mlangoni. Kilichobadilika ni kwamba siku hizo bibi naye alitoa kigoda chake, akakiweka kando ya kile cha kwanza.

WATAALAMU WASEMAVYO

Nilipokuja kusoma yaliyoandikwa na wataalamu juu ya jambo hili, nilistaajabu kuona jinsi bibi yule alivyokuwa amekaribia ukweli. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine ya misaada yalikubaliana juu ya mwongozo wa kutunza afya ya akili wakati wa maafa. Mwongozo huo unaigawa kazi katika ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa, iliyo pana kuliko zote, ni usalama, chakula, maji na makazi, vikitolewa kwa namna isiyomvunjia mtu heshima. Ya pili ni kuimarisha familia na jumuiya: kuwatafuta jamaa waliopotezana, kuwawezesha watu kuomboleza na kuabudu, kufungua shule. Ya tatu ni msaada wa watu waliofunzwa ambao si lazima wawe madaktari. Ya nne, iliyo nyembamba kabisa, ndiyo ya madaktari na wauguzi wa maradhi ya akili. Utaona basi kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haingoji daktari. Inamngoja jirani, mwalimu, shehe, padri, na mjumbe wa nyumba kumi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha huduma ya kwanza kwa aliyepatwa na msukosuko wa moyo. Mafundisho yake yanaweza kukaa katika maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama, na ni nani mwenye shida ya haraka. Sikiliza bila kumlazimisha mtu aseme. Muunganishe na jamaa zake, na huduma, na habari za kweli. Kitabu hicho kinaonya waziwazi juu ya kumshurutisha mtu asimulie yaliyompata. Wako wanaodhani kwamba ni wema kumkalisha mgeni na kumwuliza, "Ehe, tuambie, waliuawa wangapi?" Huo si wema. Kidonda hakifunguliwi na kila apitaye.

Iko mifano ya karibu na kwetu. Huko Harare, Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Hawakuwa wakimbizi, lakini walikuwa watu waliolemewa na mawazo, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Uganda, katika makazi ya Rhino, wanawake wakimbizi kutoka Sudan ya Kusini walikutana kwa vikundi mara 5, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao juu ya namna ya kukabili mawazo mazito, wakiongozwa na watu waliopata mafunzo mafupi tu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020, katika uchunguzi wa wanawake 694, yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua.

Hata hivyo tusije tukageuza benchi na maandazi kuwa dawa ya kila kitu. Yuko mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo, yuko anayetaka kujiua, yuko ambaye hajala kwa siku nyingi. Huyo anahitaji hospitali, na anahitaji kufikishwa huko leo, wala si baada ya kuzungushwa kwa waganga mpaka fedha za nyumba zimekwisha. Asiachwe peke yake hata kidogo. Maneno ya kutamani kufa hayafanyiwi mzaha, wala hayafichwi kwa kuona aibu.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kumkumbusha mgeni kwamba uvivu haufai. Naomba tuisome upya kwa upande wa mgeni mwenyewe. Kumpa jembe ni kumwambia: umekuwa mtu wa nyumba hii, mikono yako inahitajiwa. Anayenyimwa jembe, hata akilishwa vizuri, anabaki mgeni milele, na hapana ugeni uchoshao kama usiokwisha.

Watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa jembe hilo. Walipewa ardhi, wakafyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Mwaka 2014, zaidi ya miaka 40 tangu kuvuka mpaka, takriban 162,000 miongoni mwao na watoto wao walikabidhiwa uraia wa Tanzania. Sisemi kwamba walisahau yaliyowapata. Wako waliokufa wakiwa na majonzi yaleyale. Lakini waliyabeba majonzi hayo wakiwa wakulima, wazazi na walipa kodi.

Waliofuata katika miaka ya 1990 na baadaye walipata hali nyingine. Baada ya mafuriko ya watu ya mwaka 1994, Serikali ilikuwa na sababu nzito za kuhofia usalama wa mipaka, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi aishi katika eneo alilotengewa na asitoke bila kibali. Sina nia ya kubishana na sababu hizo. Lakini aliyeamua kwa sababu nzuri naye yampasa ajue gharama ya uamuzi wake. Mtu mzima anayeamka kila siku bila shamba, bila kazi, akingoja siku ya mgawo, huku akisikia uvumi kwamba mgawo utapunguzwa au kambi itafungwa, anachubuka moyo hata kama hakuwahi kuona vita. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa amekuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Huyo hakukimbia chochote, amerithi kungoja.

Na yule aliyejipenyeza mjini ana mateso ya namna nyingine. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa miongoni mwa Warundi wa Mishamo na wa mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba wale wa Mishamo waliishika sana historia yao na jina lao la ukimbizi, ambapo wale wa mjini walipenda kuchanganyika na watu, bila kutaka kutambulikana kama wakimbizi. Kuchanganyika kuna faida yake, bila shaka. Lakini fikiri kazi iliyoko katika kuuchunga ulimi wako sokoni ili lafudhi isikutoe, na katika kuwaonya watoto wasitaje kijiji cha babu yao. Mtu anayejificha hawezi kuomboleza hadharani, na ambaye hawezi kuomboleza hafarijiwi.

WATOTO

Kwa watoto, shule ni nusu ya tiba. Shule inampa mtoto saa ya kuamka, rafiki, mwalimu anayelijua jina lake, na kesho ya kutazamia. Pale Mazimbu waliijenga shule yao pamoja na mashamba, karakana, na makazi ya watoto wadogo. Ilipofika mwaka 1992 wenyewe wakirudi kwao, waliikabidhi Mazimbu kwa Serikali yetu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wageni waliopewa jembe walituachia nyumba.

Mwalimu mwenye mtoto kama huyo darasani hahitaji kuwa daktari. Amweke mahali ambapo anauona mlango. Asimgutushe kwa kupiga meza. Asimsimamishe mbele ya wenzake aeleze habari za kwao. Na wenzake wakimwita "mkimbizi" kwa dhihaka, awakemee papo hapo. Wazazi nasi tuangalie ndimi zetu, maana mtoto hakuzaliwa na neno hilo. Amelichukua mezani petu.

WAJIBU WETU

Najua lipo jibu ambalo baadhi yenu mnalo tayari. "Sisi wenyewe tuna shida. Kodi imepanda, mtoto anaumwa, mshahara unakwisha tarehe kumi. Nani anatuuliza habari za mioyo yetu?" Jibu hilo lina haki ndani yake. Mfanyakazi wa mjini naye huwaza mpaka kunakucha, na maradhi haya hayachagui hati ya kusafiria. Lakini tazama vizuri kile kinachotakiwa. Hatuambiwi tugawane mishahara. Tunaambiwa tusikilize, tusidhihaki, tushirikishe, tusindikize hospitali. Hayo hayapunguzi chochote katika sufuria. Tena mtaa unaojua kumtunza mgeni aliyelemewa utajua pia kukutunza wewe siku utakapolemewa.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Anapofiwa jirani wa ng'ambo, hata kama mazishi ni huko mbali na habari imekuja kwa simu tu, mwekee matanga. Kaa naye usiku ule kama ungekaa na mwenyeji. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kikipokea wanachama wapya, mwiteni. Kazini, mwenzako akinyamaza siku nyingi, mwulize, "Ndugu, umelalaje?" na usiondoke kabla hujasikia jibu. Zahanati nazo zikumbuke kwamba maumivu yasiyoonekana kwa macho ni maumivu vilevile, na kwamba kumfedhehesha mgonjwa mara moja kunaweza kumfungia mlango wa hospitali kwa maisha yake yote. Nanyi mlio viongozi wa mitaa, mpeni mgeni habari za kweli juu ya haki zake na mipaka yake, kwa maana uvumi humkosesha usingizi kuliko ukweli mchungu.

Ndugu msomaji, hakuna kati yetu ajuaye ni lini atahitaji kufunga virago. Waliokuwa wakiishi kwa raha Bujumbura, Kigali na Uvira hawakujua. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, nao walikuwa na maana kwamba uponyaji huenda pande zote mbili. Jioni hii, kabla hujafunga mlango wa ua wenu, tazama kama yuko mtu aliyeketi nje peke yake. Ikiwa yuko, usimwulize alikotoka. Toa kigoda chako.